Risala ya Wahitimu wa Uuguzi na Ukunga kwa Mgeni Rasmi: Sayansi Inapogeuzwa Hoja ya Upande Mmoja

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mbunge wa jimbo letu, Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Chuo, Mkuu wa Chuo, wakufunzi na wafanyakazi wote, wazazi na walezi wetu, wahitimu wenzetu, mabibi na mabwana.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo tukiwa wazima, na tunakushukuru wewe kwa kukubali mwaliko wetu pamoja na wingi wa majukumu yako. Mafanikio na changamoto za chuo zimo katika taarifa ya Mkuu wa Chuo utakayosomewa baadaye, kwa hiyo sisi wahitimu tumeomba kuitumia nafasi hii kuzungumzia jambo moja linalotugusa sisi wodini na kukugusa wewe bungeni, nalo ni namna matokeo ya utafiti yanavyogeuzwa kuwa silaha ya upande fulani pale sera ya umma inapojadiliwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, katika wodi ya wazazi mkunga huvuta dawa ya maji ya nevirapini, inayosaidia kuzuia VVU visitoke kwa mama kwenda kwa mtoto, kwa bomba lisilo na sindano, kisha huidondosha taratibu ndani ya shavu la mtoto mchanga ambaye mama yake anaishi na VVU. Ni kazi ya dakika chache, na ushahidi wake ulipatikana hapa jirani, katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala. Utafiti uliofanyika huko na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba kidonge kimoja kwa mama uchungu unapoanza, na dozi moja kwa mtoto ndani ya siku tatu za kwanza, vilipunguza maambukizi kwa karibu nusu vikilinganishwa na dozi fupi ya zidovudini, dawa nyingine ya VVU. Mwaka uliofuata kampuni ya Boehringer Ingelheim, iliyokuwa ikiitengeneza dawa hiyo, ilijitolea kuitoa bure kwa miaka mitano kwa nchi zinazoendelea.

Afrika Kusini ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoihitaji mno dawa hiyo. Hata hivyo, Rais Thabo Mbeki alikuwa ameanza kuhoji hadharani kama VVU ndivyo vinavyosababisha UKIMWI, na mwaka 2000 aliunda jopo la ushauri ambamo watafiti waliobobea walikalishwa meza moja na watu waliokana kabisa uhusiano huo, kana kwamba swali hilo lilikuwa bado halijajibiwa. Wanasayansi na madaktari zaidi ya 5,000 walitia saini Azimio la Durban kueleza kwamba ushahidi uko wazi, lakini saini zao nazo zikachukuliwa kuwa kura za kambi pinzani. Waziri wa Afya, Dkt. Manto Tshabalala-Msimang, akawa anasifia kitunguu saumu, limau na bitiruti, huku nevirapini ikiruhusiwa katika vituo viwili tu vya majaribio kwa kila jimbo.

Kwa kutenda haki, tuseme kwamba baadhi ya maswali ya serikali ile yalikuwa ya msingi. Dozi moja ya nevirapini ilikuwa na hatari ya kuzalisha usugu wa virusi, na haikutatua tatizo la maambukizi kupitia maziwa ya mama. Hayo yalikuwa maswali ya kitaalamu na baadaye yalijibiwa kitaalamu, ndiyo maana leo mjamzito anayegundulika kuwa na VVU huanzishiwa dawa za kufubaza virusi mapema na kuendelea nazo maisha yake yote. Lakini yalipokwisha kuchanganywa na madai kwamba dawa zenyewe ni sumu na ni njama za makampuni ya nje, ikawa vigumu kwa mtu yeyote kuyauliza bila kuhesabiwa kuwa amechagua upande. Kwa maoni yetu, hasara hiyo huwa haionekani upesi: mabishano ya kisiasa huusukuma kando ukweli uliokwisha kuthibitishwa, na pia hufunga mdomo shaka halali ambayo sayansi haiwezi kuishi bila hiyo.

Suala lile lilimalizwa na majaji. Treatment Action Campaign, kikundi cha wanaharakati wa Afrika Kusini waliopigania matibabu ya VVU, kilikwenda mahakamani, na Julai 5, 2002 Mahakama ya Katiba iliiamuru serikali iondoe vizuizi vya nevirapini katika hospitali na kliniki za umma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikadiria mwaka 2008 kwamba ucheleweshaji wa dawa kati ya mwaka 2000 na 2005 uligharimu maisha zaidi ya 330,000, na kwamba watoto wapatao 35,000 walizaliwa na VVU ambavyo vingeweza kuzuiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatuwezi kuyasema ya Afrika Kusini tukayaruka ya kwetu. Mei 3, 2020, Hayati Rais Dkt. John Pombe Magufuli alilieleza taifa kwamba sampuli za papai, mbuzi na vitu vingine zilipelekwa Maabara ya Taifa zikiwa na majina ya watu, na baadhi zikaonekana kuwa na virusi vya korona. Wengi walicheka, wengine walikasirika. Sisi tunaona kwamba kuihakiki maabara kwa sampuli isiyoijua si dhihaka; ni desturi ya kawaida ya udhibiti wa ubora. Hata hivyo desturi hiyo ina hatua zake: kwanza huulizwa kama kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya ute wa binadamu kinafaa kwa tunda, kisha sampuli hurudiwa katika maabara nyingine, dosari ikipatikana hurekebishwa, na upimaji huendelea. Kilichotokea ni kwamba takwimu za wagonjwa ziliishia kwenye 509 na zikanyamaza kwa zaidi ya mwaka mmoja. Ilipofika Julai 28, 2021 na Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani kuzindua chanjo, kazi ya kuwashawishi watu ilikuwa imekwisha kuwa ngumu maradufu.

Nasi wa taaluma tuna fungu letu katika hili. Mtaalamu anaposimama na kusema kwamba sayansi imeamua shule zifungwe, anasema zaidi ya alichokipima. Sayansi inaweza kukadiria ugonjwa utaeneaje shule zikiwa wazi. Lakini mama lishe atakula nini wiki hiyo, na binti aliyebaki nyumbani atalindwaje, ni mambo ya kupimwa na wale waliopewa dhamana na wananchi. Mwanasiasa ana haki ya kuusikia ushahidi na bado akachagua njia nyingine, mradi atamke kwamba amechagua, na kwa sababu gani.

Mizozo ya namna hii hushuka hadi kliniki. Mwaka 2014 nchini Kenya, maaskofu Wakatoliki walidai kwamba chanjo ya pepopunda waliyopewa wanawake ilikuwa na homoni ya kuzuia uzazi. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha, lakini miaka mitatu baadaye, katika msimu wa uchaguzi, madai yale yalirudi majukwaani. Pepopunda ya watoto wachanga huingia kwa kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu, na mgombea hana msaada nayo. Kwetu, tangu chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi ilipoanza kutolewa kwa wasichana nchi nzima mwaka 2018, muuguzi amezoea kuulizwa na mzazi chanjo imeletwa na nani na anataka nini, kabla hajaulizwa inazuia nini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakuomba uyachukue haya uende nayo Dodoma. Serikali inapoacha ushauri wa wataalamu wake, waziri mwenye dhamana alieleze Bunge ni sehemu ipi inayotokana na vipimo na ni sehemu ipi ni uamuzi wa kisera, ili vyote viwili viingie katika kumbukumbu rasmi. Vilevile, mwaka 2018 Bunge liliibana Sheria ya Takwimu kiasi cha kuwatia hofu watafiti, na mwaka 2019 likailegeza. Tunaomba ulegevu huo ulindwe, na uwekwe utaratibu wa kumsikiliza mtafiti ambaye matokeo yake yanatofautiana na takwimu rasmi kabla hajachukuliwa hatua za kinidhamu. Mwisho, kwa kuwa risala ya chuo isiyoomba usafiri ingekushangaza, basi la kutupeleka katika mafunzo kwa vitendo bado tunalihitaji.

Tunaomba kuwasilisha.