Ghala la tani 60, pa kuanikia magunia 15

Ndugu Mhariri,

Huku Himo kila mwenye ekari za kutosha siku hizi anaongeza ghala. Na mimi nimeongeza, na sasa najuta.

Nilipokwenda kuomba mkopo, afisa aliniuliza jambo moja tu kuhusu jengo: litabeba tani ngapi? Nikamjibu 60, yaani magunia 600 ya kilo mia mia. Akaandika. Hakuuliza mahindi yatakaukia wapi, na mimi, nasema kweli, sikujiuliza.

Julai ya Moshi mnaijua. Mlima unajificha siku tatu, jua linachungulia saa saba na kuondoka. Mashine ya kupukuchua ilitoa magunia 40 kwa siku, maturubai yangu yalitosha 15. Siku ya nne manyunyu yakaanza, vijana wakaingiza mahindi ndani yakiwa bado mabichi. Baada ya wiki mbili nilichomeka mkono katikati ya gunia, nikakuta joto kama la uji uliosahaulika mezani. Harufu sina haja ya kuieleza. Jirani alitaka kuyanunua awape kuku, nikakataa, nikayafukia. Sumukuvu, ile sumu ya kuvu linaloota kwenye nafaka yenye unyevu, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na kuku huyo tunamla sisi.

Ningeanza upya, pesa ya kwanza ingekwenda kwenye sakafu ya saruji ya kuanikia na kipima unyevu. Juu ya asilimia 13.5, gunia lisivuke mlango. Wapo wanaokwepa kukausha kwa sababu uzito unapungua, na ni kweli unapungua: kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18, zikifika 13, zinabaki kama 94. Lakini hizo sita zilikuwa maji.

Baada ya hapo ndipo kuta, chaga za kuinua magunia, na nafasi ya Fuso kugeuza. Kwangu Fuso linarudi kinyumenyume hadi barabarani, huku utingo akipiga kelele na bodaboda wakitutukana. Magunia ya zamani nayo yasiingie kabla ya kukaguliwa, maana dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi, husafiri humo bila nauli.

Ombi langu ni kwa wakopeshaji na maafisa ugani wetu. Kwenye fomu ya mkopo wa ghala ongezeni mstari mmoja, juu ya ule wa tani: kwa siku moja ya mawingu, unakausha magunia mangapi?

Mkulima,
Himo, Moshi