Mdogo wangu, mwite Mwanaisha

Mdogo wangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Hongera tena, Mola akukuzie hicho kichanga. Ulinieleza kwenye simu kwamba akika ni Jumamosi, na kwamba mtoto atachukua jina la nyanya, ila liwe Aisha tu. "Mwana" mnataka kuliondoa, eti ni la kizee na linaleta tabu kwenye vyeti. Maneno hayo yamenikaa moyoni. Nakujibu hadharani kwa sababu hauko peke yako. Mabinti wengi wa Mombasa siku hizi wanalikata jina hili, na mimi linaniuma.

Aisha lenyewe sina neno nalo. Ni la Kiarabu, maana yake aliye hai, na lina shina moja na maisha yetu haya tunayoyataja kila siku. Limeenea duniani kwa ajili ya mtu mmoja, Bi Aisha binti Abubakar, mkewe Mtume (S.A.W.), Mama wa Waumini. Wengi humtaja kwa ndoa yake tu, ilhali alikuwa bahari ya elimu. Hadithi zilizopokewa kwake zapita 2,000. Masahaba wakubwa walimwendea kumuuliza, hata mambo ya mirathi, na aliendelea kufundisha Madina mpaka alipofariki mwaka wa 58 Hijria, yaani karibu mwaka 678 Miladia. Mtoto akipewa jina hilo amepewa jambo kubwa.

Nalo limetembea. Waturuki husema Ayşe, na kwao ni katika majina ya kike yaliyozagaa kabisa. Wahausa husema Aishatu, Senegal na Guinea ni Aïssatou. Stevie Wonder kule Marekani alipopata binti mwaka 1975 alimwita Aisha. Wenzetu wa Tanzania wana Asha, na limekaa vizuri hata na Rose katika jina la Asha-Rose Migiro, aliyekuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012. (Asha wa jirani zetu Wahindi ni mwingine, wao latokana na matumaini.) Kila waliolipokea wamelitia mkono wao. Sisi wa pwani tulilitia Mwana.

Na katika Kiswahili cha kale, Mwana ni bibi mtukufu, mwenye nyumba na kauli. Mji wetu huu wazee husimulia kuwa ulitawaliwa na Mwana Mkisi kabla ya Shehe Mvita. Mwana Kupona, mzaliwa wa Pate, ndiye aliyemtungia bintiye Mwana Hashima utenzi wa wasia mwaka 1858. Mtungaji Mwana, mtungiwa Mwana! Kisha tukawa na akina Mwanajuma, Mwanahamisi, Mwanaidi, Mwanatumu. Mimi naona wazee walipompa mtoto jina la mke wa Mtume hawakutaka kulitaja tupu, wakalitangulizia heshima ya kwao. Leo tunaandika Ayesha, Aaisha, Aysha, tunaongeza herufi za ugenini, na ile yetu ndiyo tunayoionea haya.

Nyanya hakuna aliyemwita Aisha. Shoga zake wa Kuze wakimwita Mwanesha, kwa haraka, kutoka barazani. Unazikumbuka sinia zake? Chini ya kitako kaandika jina lake kwa rangi nyekundu, zikiazimwa kwa shughuli zisipotee. Moja iko kwangu. Imesuguliwa na majivu miaka na miaka, ina bonde upande mmoja, na jina lote lasomeka, M hadi A.

Kuhusu vyeti, unayosema ni kweli. Binamu yetu alikatwa jina vipande viwili, Mwana likawa la kwanza, Isha la pili, la baba likakosa nafasi, akahangaika mpaka siku ya kuchukua kitambulisho. Lakini dawa yake ni ndogo: liandike mwenyewe neno moja, kwa herufi kubwa, MWANAISHA, kwenye fomu ya hospitali. Ukirudishiwa karatasi, lisome herufi moja moja kabla hujaondoka dirishani. Kadi ya kliniki, madrasa na skuli zote zifuate hiyo hiyo.

Mavyaa wako naye akisema jina litamzeesha mtoto, mwambie kwa adabu kwamba nyumbani amwite Esha, amwite Aisha, amwite atakavyo. Pwani nzima watu wana jina la nyumbani na la cheti, na hakuna aliyepotea.

Fomu usiikabidhi bado. Nipigie leo baada ya Magharibi, shemeji naye awepo, tulizungumze.

Dadako