Kwa nini Machi tunaondoka alfajiri, na kwa nini bei haishuki

Sisi tunapeleka wageni kwa mtumbwi kutazama ndege Mabamba, kinamasi cha Ziwa Victoria karibu na Entebbe, Uganda. Kila Februari ikikaribia kuisha, swali ni lile lile: "Mbona jirani yangu alikwenda Mabamba kwa nusu ya bei yenu?" Safari hii limekuja na ushahidi. Mteja mmoja aliyesafiri nasi ametutumia picha aliyopiga rafiki yake, korongo nyangumi, ndege mkubwa ambaye wengi huja kumwona yeye, amejaa kioo chote cha simu, halafu anauliza kwa nini sisi tulimsimamishia mtumbwi mbali mpaka akalazimika kutumia darubini. Anaona ametapeliwa. Tunajibu hapa hapa, maana kumjibu kila mmoja kwa simu kumetuchosha.

Picha ya namna ile tunajua inavyopatikana. Mtumbwi umesukumwa kwa upondo mpaka ndani ya majani, na dakika moja baadaye ndege ameruka. Korongo nyangumi huwinda kwa kusimama. Anainamisha lile domo lake, pana kama ndara, anamngoja samaki kamongo apande juu kuvuta hewa, kwa sababu kamongo ana mapafu na hawezi kukaa chini moja kwa moja. Anaweza kungoja hivyo muda mrefu mno. Ukimkurupusha umemkosesha mlo, na mitumbwi inayokufuata haitamkuta. Na hao walio nyuma yako wamelipa. Wengine ni wateja wetu, ndio hao wanaotupigia jioni kudai hela zao.

Ndege wenyewe ni wachache. Dunia nzima wanakadiriwa kuwa elfu kadhaa tu, na kwenye kiota, hata mayai yakiwa mawili, kwa kawaida kinda mmoja ndiye anayekua. Wavuvi wa Mabamba zamani walimhesabu kuwa mkosi: ukikutana naye asubuhi, nyavu zinarudi tupu, kwa hiyo walimuua. Leo baadhi ya wanaotuongoza wametoka katika familia hizo hizo za wavuvi. Asubuhi moja watajua ndege amehamia mfereji gani kabla hujamaliza kufunga jaketi okozi. Ujuzi huo una bei, na hatuoni haya kuitoza.

Sasa njia ya mkato. Unavuka kwa kivuko cha Nakiwogo hadi Buwaya, unapanda boda boda hadi mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, unapatana na mwenye mtumbwi. Njia haina ubaya, sisi wenyewe tunaipita. Ubaya uko kwenye saa. Mtu ameamka Kampala saa mbili, ameketi kwenye foleni ya magari, amengoja kivuko, anafika mwaloni saa tano na nusu. Jua limeshakuwa kali, ndege wa kwenye mafunjo wamenyamaza, upepo wa ziwa umeanza kusukuma mtumbwi. Mwenye mtumbwi ni mvuvi hodari lakini hana darubini, na hakuna aliyemwambia unatafuta nini. Anakuzungusha, anakuonyesha yangeyange na mnandi, ndege wa kila siku, anakurudisha.

Familia moja kutoka Mwanza ilifanya hivyo hivyo baada ya kutuambia sisi ni wezi. Walitupigia usiku ule ule. Walikuwa wameshalipa boda tatu kwenda na kurudi, mtumbwi, kisha hoteli ya usiku wa ziada Entebbe kwa sababu ya safari ya pili. Tuliwapeleka alfajiri iliyofuata kwa bei yetu ile ile. Baba alihesabu mwenyewe kwenye karatasi, akacheka. Mama hakucheka.

Jaketi okozi ni jambo jingine. Zetu zinavaliwa tangu mwaloni, haziwekwi chini ya kiti. Boti ya starehe ilipozama karibu na Mukono Novemba 2018, watu zaidi ya 30 walikufa. Lilikuwa ziwa hili hili. Ukiona mtumbwi wa bei nafuu, hesabu jaketi, kisha hesabu vichwa. Injini nayo tunaizima kwenye mdomo wa mfereji, kuanzia hapo ni upondo na kasia. Ndiyo maana tuna watu wawili kwa kila mtumbwi, na wote wawili wanakula.

Kuna wanaosema Machi tuwapunguzie, eti msimu unaisha. Hapa ndipo tunapobisha kwa nguvu zote. Ndege wahamaji huanza kutufikia Septemba na Oktoba, wakikimbia baridi ya Ulaya na Asia, na Machi hadi Aprili wanarudi kuzaa, wakati huko kwao majani yanachipua. Kabla ya kuondoka wanabadilisha manyoya. Nenda Lutembe, ile ghuba ndogo kati ya Entebbe na Kampala, hekta 98 tu, iliyoingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhi oevu muhimu, mwaka 2006 pamoja na Mabamba. Buabua mabawa-meupe, ndege wahamaji wa majini, hukusanyika pale kwa mamia ya maelfu. Novemba ni kijivu na weupe, hawana mvuto sana. Machi utakuta wamechanganyika: huyu bado mweupe, yule ana madoa, mwingine mwili mweusi tii na mabawa yanang'aa. Mzee mmoja wa Nairobi alitukasirikia kwamba ndege wa kwenye tangazo letu ni weupe na aliowaona ni weusi. Shikamoo mzee, ni hao hao. Umewaona katika vazi ambalo watazamaji wengi hulisubiri hadi wafike Ulaya mashariki.

Ukibahatika safari yako iangukie siku chache baada ya mwezi mwandamo, nzi wa ziwa watapanda kama moshi juu ya maji, na mbayuwayu watakuwa humo humo wakijinenepesha kwa safari. Funga mdomo unapopita. Wateja hucheka tukisema hivyo, mpaka wapite.

Ila tuseme wazi kisichopatikana. Anayemtaka mbayuwayu buluu asije Machi. Yule anatoka kusini mwa Afrika na tunaanza kumwona Aprili, wakati wenzake wa Ulaya wanaondoka. Tumewahi kumrudisha nyuma mteja aliyetaka kulipa Machi kwa ajili yake, akaenda kwa mwingine, akalipa. Nzohe, swala wa vinamasini, naye yumo kwenye mafunjo ya Mabamba, lakini hatumwahidi mtu.

Na tafadhali, simu zenye sauti za ndege zibaki mfukoni. Tiva wa mafunjo, yule mwenye tumbo jekundu na utosi wa njano, akisikia sauti yake ikipigwa anadhani kuna mgeni anayemnyang'anya eneo. Anakuja kupigana na simu badala ya kulisha makinda. Mtu wa nne akifanya hivyo wiki hiyo hiyo, tiva haji tena hata kwa sauti. Waongozaji wetu watakuomba uizime mara moja, mara ya pili watageuza mtumbwi.

Masharti hayajabadilika. Gari linaondoka Entebbe saa kumi na moja alfajiri, mtumbwi unaingia majini mara tu kunapopambazuka. Wingu likiwa jeusi upande wa ziwa tunangoja nchi kavu, mvua ikikataa tunahamishia siku nyingine bila malipo. Korongo nyangumi asipoonekana, tunakupa nusu bei kwa safari ya pili ndani ya wiki moja, fedha taslimu haturudishi. Anayelala Kampala na aje Entebbe usiku wa kuamkia safari. Nafasi za Machi kwa sasa zimebaki za siku za kazi tu, na mtumbwi mmoja hauchukui zaidi ya wageni wanne, hata kama wa tano ni mtoto.