Treni ya usiku isiyo na kitanda

Mhariri,

Mwezi uliopita nilimpeleka mamangu kliniki Nairobi kwa treni ya saa nne usiku kutoka Miritini, stesheni ya reli mpya hapa Mombasa. Ana miaka 72 na goti lake la kulia halikunjiki vizuri. Tulipata viti vya nauli nafuu, vile vya kutazamana, magoti kwa magoti na usiowajua. Kabla ya kufika Voi alikuwa ameshajaribu kila mkao. Mwisho akavua leso ya juu, akaikunja mara nne, akaitandika sakafuni baina ya viti ili anyooshe mguu. Kijana aliyekaa mbele yetu, Mungu amjalie, akapandisha miguu yake kitini na kubaki vivyo hivyo, kama kuku kwenye kichanja, mpaka Syokimau, stesheni ya Nairobi.

Treni inayokwenda usiku kucha, mbona haina hata behewa moja la kulala?

Si jambo geni kwetu. Gari la moshi la zamani, lililoachwa mwaka 2017 reli mpya ilipoanza, lilikuwa na vyumba vya watu wawili daraja la kwanza na vya wanne daraja la pili. Wanaume vyao, wanawake vyao, ila familia ikikijaza chumba chote. Mimi nililala humo mara moja tu, nikiwa msichana. Mhudumu alipita ujiani akigonga kijimarimba chake kutuita mezani, na tuliporudi kutoka behewa la chakula tukakuta vitanda vimeshatandikwa shuka nyeupe. Nikadandia cha juu. Kilichoniamsha asubuhi ni harufu ya bahari, hata Makupa hatujavuka.

Sisemi lile gari lilikuwa pepo. Lilichelewa, tena sana, na sisi wa daraja la tatu, safari nyingine zote, tulikesha vitini vile vile.

Najua nitaambiwa safari siku hizi ni saa sita hivi, kitanda cha nini? Lakini saa nne hadi saa kumi ndio wakati wenyewe wa kulala! Na huko kufika saa kumi nako kuna taabu yake. Ukirudi Mombasa, stesheni ya kale ilikuwa mjini, ukitoka unakwenda Mwembe Tayari kwa miguu. Miritini unashuka na mgonjwa gizani, uanze kubishana nauli na wa tuktuk. Hii ya usiku inamkimbilia nani? Ingetambaa taratibu ikafika saa kumi na mbili kumekucha, aliyelala asingejua.

Jirani zetu walilifikiria mapema. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ilikuja miaka ya 1970 na vyumba vya vitanda vinne na vya sita. Naelewa kitanda kinakula nafasi ya viti viwili au zaidi, basi nauli ipande kwa kadiri hiyo. Naomba behewa moja tu, tena vitanda vya chini wawekewe wazee na wagonjwa.

Mama ana kliniki tena mwezi ujao. Leso ameshaichagua, ile nzito.

Msomaji wako,
Kisauni, Mombasa