Tukirudi kulalamika msituambie "utazoea"

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku. Sisi tunaotumia uzazi wa mpango tukirudi kliniki kusema mwili umebadilika jibu ni lile lile, vumilia tu utazoea. Wapo wanaozoea kweli, sikatai, ila mimi siku nawekewa kijiti mkononi niliambiwa ni miaka mitatu huna presha ya mimba, basi, hakuna aliyetaja damu, kumbe matone yasiyo na mpangilio ni kawaida kabisa kwa kijiti, nikawa natembea na pedi kwenye mkoba kila siku, nguo nyeupe nimesahau, na nyumbani mtu ananuna anadhani namkwepa. Niliporudi kuomba kitolewe nesi akanijia juu eti miaka haijaisha! Mkono ni wangu, kijiti kinatolewa siku yoyote mwenyewe akitaka, hiyo miaka ni mwisho wa kufanya kazi sio kifungo. Na hata kabla ya kutoa kuna dawa, ibuprofen ya siku chache inawasaidia baadhi kupunguza hiyo damu, mbona hatuambiwi?

Sindano ndo balaa zaidi kwa sababu ikishaingia haitoki, inakuongeza uzito au inakukatia siku zako unasubiri tu miezi mitatu iishe, na ukiacha mimba inaweza kuchelewa hata miezi kumi toka sindano ya mwisho. Dada wa watu hajaambiwa, anahesabu miezi, anaanza kulia kizazi kimekufa, wifi anadakia, mtaa mzima unajua sindano inaua kizazi. Alafu wataalamu wanashangaa uvumi unatoka wapi. Unatoka kwenu mlionyamaza.

Kitanzi cha kopa hakina homoni lakini hedhi inaweza kuwa nzito na tumbo kukata, hasa miezi ya mwanzo, semeni mapema mtu achague akijua. Vidonge navyo, vile vyenye homoni ya estrojeni, mtu anapewa bila hata kupimwa presha, wakati mwenye presha au kipandauso cha kuona vimulimuli havimfai. Na akija anayesema mguu mmoja umevimba unauma, au kifua kinabana, huyo jamani asiambiwe atazoea, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Ni mimi msomaji wako,
Mama wa watoto wawili