Barua kwa mwanangu anayekwenda Nuneaton

Mwanangu,

Ujumbe wako umefika, na ile picha ya barua ya kazi nimeikuza kwenye simu mpaka nikaliona jina la mji. Nuneaton! Wenzako wanapelekwa London na Leicester, wewe kati ya miji yote ya Uingereza unapangiwa huo, tena hospitali yenyewe inaitwa George Eliot. Nimejivuna mpaka muuza samaki anajua.

Lakini kaka yako umempigia?

Najua utasema mama kaanza. Naanza kweli. Simu zangu unapokea ukiwa kwenye daladala, nusu husikii, nusu unasema mtandao mbaya. Ndiyo maana naandika. Hii utaisoma umekaa.

Huyo George Eliot ni mwanamke, mwandishi wa riwaya, jina lake la kwao Mary Ann Evans. Vitabu vyake vilijaa kabatini ukavipita ukaenda zako na baiolojia. Haya, baiolojia ndiyo iliyokupa viza, sisemi. Huko utakuta sanamu yake katikati ya mji na kila mtu atakusimulia habari zake. Mimi nataka nikupe za mama yake, maana hizo hawasimulii, na wiki nzima hii nimekuwa namuwaza yeye.

Aliitwa Christiana Pearson. Kwao walikuwa wakulima wa Astley, hukohuko Warwickshire, watu wenye chao na wenye majivuno yao. Ndugu zake wa kike watatu waliolewa karibu karibu: mmoja kwa Everard wa Attleborough, mmoja kwa Johnson wa Marston Jabbett, mmoja kwa Garner wa Sole End. Binti yake alipoandika riwaya yake ya mwaka 1860 aliwatia humo mama zake hao kwa majina mengine, na yeyote aliyelelewa na mama wakubwa na wadogo atawatambua bila kuuliza. Ukoo una namna yake ya kufua shuka, namna yake ya kutengeneza divai ya maua, namna yake ya kukausha paja la nguruwe (hilo tuwaachie wenyewe), na anayefanya vingine basi huyo kwao hakufunzwa.

Mwaka 1813 akaolewa na Robert Evans. Kwa ukoo, Evans alikuwa chini yao: baba yake fundi seremala wa Derbyshire, na yeye mwenyewe alianzia kwenye randa na msumeno. Ila alikuwa na jicho. Mti ungali umesimama yeye alishajua utatoa mbao kiasi gani. Familia ya Newdigate wakamwamini, wakamleta Arbury mwaka 1806, akawa msimamizi wa mali yao: kodi za wapangaji, upimaji wa ardhi, miti ya kukatwa, barabara, mpaka machimbo ya makaa ya mawe. Bibi yako, babu alipokuwa karani wa mkonge, aliishi maisha ya namna hiyohiyo. Nyumba nzuri kuliko za wakata mkonge, lakini si yenu. Wenye shamba hawawaalikeni mezani, na wafanyakazi wakikuona unapita wanakatiza maneno. Bibi alikuwa akisema ndiyo maana alijifunza kunyamaza, na wewe unajua kama bibi alinyamaza.

Tena Christiana hakuwa wa kwanza. Evans alifiwa na mke, Harriet Poynton, aliyekuwa mtumishi wa familia hiyohiyo, akafariki mwaka 1809 na kuacha watoto wawili. Kanisani Astley kuna jiwe la kumkumbuka, limemwandika rafiki na mtumishi mwaminifu wa nyumba ya Arbury. Hebu fikiria, unaingia nyumba ambayo mwenzio aliyekutangulia kawekewa jiwe kanisani! Wale watoto wa kambo, Robert na Fanny, hawakukaa sana. Wakapelekwa Derbyshire wangali wadogo, yule Robert mdogo ajifunze kusimamia mali ya huko, na dada yake amtunzie nyumba.

Wa kwake mwenyewe walikuwa Chrissey, Isaac, kisha Mary Ann, aliyezaliwa tarehe 22 Novemba 1819 pale South Farm. Mwaka uliofuata wakahamia Griff House. Machi 1821 akajifungua mapacha wa kiume, William na Thomas. Wakaishi siku kumi. Wewe ni nesi, sina haja ya kukueleza mwili wa mama unabaki vipi baada ya hapo. Tangu siku hiyo hakuwa mzima tena.

Watoto wakaanza kupelekwa shule za kulala. Isaac upande wa Coventry, Chrissey Attleborough, na Mary Ann akamfuata dada yake akiwa na miaka mitano. Alichokumbuka ukubwani ni baridi: wasichana wakubwa wakiuzunguka moto, yeye mdogo hana pa kupenya.

Basi wanaoandika habari zake wamemkalia kooni yule mama. Hakumpenda mtoto, alimsukumia mbali, na mengi mengine. Mimi nasema, mgonjwa, na nyumba ile ina ng'ombe, siagi na jibini vya kusimamia, na mume yuko juu ya farasi kutwa anazunguka mali ya watu, afanye nini? Shule haikuwa mbali. Dada yake alikuwepo. Wewe pia kaka yako alikuwepo Lushoto mwaka ule baba yenu alipolazwa, na blanketi nilikuwekea mawili. Hilo la kulala na sweta na soksi hukuniambia wewe. Nililisikia kwa matroni, na muhula ulikuwa umeshakwisha.

Kwa hiyo nunua koti hukohuko, usinunue Dar. Ya mitumba ya huku hayafai.

Christiana alifariki tarehe 3 Februari 1836. Mary Ann ana miaka kumi na sita, mwaka mmoja baadaye Chrissey akaolewa na daktari, na funguo za Griff zikawa za mdogo. Inasemwa alikuwa akionyesha mikono yake ukubwani, mmoja mpana kuliko mwenziwe, akisema ni kwa sababu ya siagi na jibini za miaka ile. Soma hapo tena. Mwanamke aliyekuwa akisoma Kijerumani na Kilatini, na mkono wake wa siagi.

Sasa nafika ninapotaka kufika. Isaac na Mary Ann walikuwa pete na kidole. Isaac akakua akamrithi baba kazi ya usimamizi, akaoa, akabaki Griff. Mzee na binti wakahamia Foleshill mwaka 1841. Mzee akafa mwaka 1849. Ardhi ikaenda kwa wanaume. Mary Ann aliachiwa pauni 2,000, lakini zikawekwa mikononi mwa wadhamini, yeye ale faida tu, na kaka mtu akawa mmoja wa wadhamini. Kila senti yake ikawa inapita kwanza kwa kaka. Vile vitabu vya Walter Scott alivyokuwa akimsomea baba jioni alipewa Fanny.

Mwaka 1857 akamwandikia Isaac kwamba amepata mume. Mume mwenyewe alikuwa George Henry Lewes, mwenye mke mwingine ambaye sheria haikumruhusu kumwacha. Isaac hakumjibu. Alimpa wakili amjibu. Na dada zao wakaambiwa nao wakate, wakakata.

Chrissey alikuwa mjane wakati huo, ana watoto, kifua kikuu kinamla. Mapema mwaka 1859 alimwandikia mdogo wake kwamba anajuta kunyamaza. Machi hiyohiyo akafa. Isaac yeye aliandika Mei 1880, baada ya Lewes kufariki na Mary Ann kufunga ndoa ya halali na John Cross. Miaka ishirini na mitatu! Tarehe 22 Desemba mwaka huohuo dada mtu akafariki. Isaac akaenda London mazikoni.

Mazikoni alikwenda. Nani hajui kwenda mazikoni?

Kile kisa cha machungwa mimi nimekisikia pande zote mbili na sitakihukumu tena. Ila nitasema. Kumuuliza kaka yako hesabu ni haki yako. Kumuuliza mbele ya wajomba, siku ya Idd, pilau iko mezani, hiyo si haki ya mtu yeyote. Na yeye nimemwambia vilevile: mali ya watu wawili huandikwa. Robert Evans, fundi seremala, tahajia yake mbovu kupita kiasi, aliandika shajara na barua na hesabu mpaka leo watu wanazisoma. Kaka yako ana diploma na hana hata daftari la shule lenye magunia mangapi yametoka Muheza msimu huu. Amekubali ataandika. Amekubali mbele yangu, uso umemvimba. Sasa imebaki wewe.

Huwezi kupanda ndege na hili. Siku ya kwanza utachelewa kwa uchovu, wiki ya kwanza kwa zamu za usiku, halafu utaona aibu kwa kuchelewa, halafu aibu yenyewe ndiyo inakuwa sababu. Nakujua. Unanunaga kama baba yako, kimya kimya, huku unaosha vyombo vizuri.

Mama yake Isaac na Mary Ann alikuwa kaburini miaka ishirini na moja walipofikishana huko. Hakuwepo wa kuwaita sebuleni akafunga mlango. Mimi nipo.

Nikuambie na ya nyumbani. Bati la upande wa jiko limeng'oka tena kwa ule upepo, fundi anataka alipwe kwanza, sitaki. Simtank limepasuka chini, tunakinga kwa ndoo. Wifi yako anaendelea vizuri, miguu inavimba kidogo, nimemwambia akapimwe presha. Ungempigia yeye ungefanya mawili kwa mpigo. Zile karatasi zako za chanjo nimezipata kwenye bahasha ya stakabadhi za umeme, nimezipiga picha mbele na nyuma. Mkate wa mofa nitakuandalia, hauharibiki haraka. Mshahara wa kwanza usitume huku hata shilingi, lipa pango na ununue viatu vya kusimamia kutwa. Wa pili tutaongea.

Ukishatulia, siku ya mapumziko nenda Chilvers Coton. Kanisa lililipuliwa kwa mabomu mwaka 1941, na waliolijenga upya ni wafungwa wa vita wa Kijerumani, kwa mikono yao. Christiana na mumewe wamezikwa uani pale. Picha ya sanamu sitaki, hiyo ipo kila mahali. Nataka ya kaburi, na jina la mama lisomeke. Griff House nayo bado imesimama njia ya kwenda Coventry, sasa ni hoteli na mgahawa. Kama bei si ya kutisha kanywe chai kule ndani. Uliza maziwa ni ya wapi, uone watakavyokushangaa.

Kaka yako analeta magunia Jumamosi, atakuwa hapa kuanzia saa kumi. Nimeshamwambia kwamba utapiga.

Mama yako