Shangazi, Hayo Maharage Hayaishi?

Shikamoo shangazi,

Mimi mzima. Najua unajua, maana jana jioni nilipita na chupa ya dawa ya kikohozi, na kabla sijafika getini ulishampigia mama simu kumuuliza kifua changu kinaendeleaje.

Nakuandikia hadharani kwa kuwa hapa Pasua, Moshi, siri haikai hata hivyo. Kwanza, maharage. Kilo moja mtu mwingine anaichambua dakika kumi, akachoka sana robo saa. Wewe unatoka barazani saa mbili asubuhi, ungo mapajani, na adhuhuri bado unatafuta kijiwe kimoja. Jioni yanarudi ndani, kesho yanatoka tena. Ni maharage yaleyale tangu Pasaka, shangazi. Humo ndani kuna punje zinatujua kwa majina.

Halafu kiti. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya waje kuiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, nawe asubuhi kabla ya mawingu unaipata bure, nyeupe pee, hapohapo barazani. Lakini kiti umekigeuza, mlima umeupa mgongo. Nilipokuuliza ukasema mlima hauhami wala haupokei wageni usiku.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Yako yanalo, la maua mekundu, na tundu lake limekaa usawa wa jicho kabisa. Miaka yote nilidhani ni panya.

Ila la sensa ndilo sitalisahau. Agosti 2022, kijana wa watu kaja na kishikwambi chake kuuliza nani walilala humu usiku wa kuamkia tarehe 23. Ya kwako ukayamaliza kwa pumzi moja, kisha ukamvutia kigoda, ukaanza kumsomea mtaa. Nyumba ya kijani watakwambia wanne, andika watano, kuna shemeji. Yule wa kona anajiita bachela. Bachela gani, mwanangu, anaanika kanga? Kijana alikunywa chai vikombe viwili huku anaomba ruhusa ya kuondoka. Ilipofika Oktoba, redio ikatangaza Watanzania tuko 61,741,120. Sote tukashangilia, wewe ukatikisa kichwa. “Kasoro mmoja.” Aliingia kwa mpangaji wa nyuma saa nane usiku, akatoka kabla ya adhana.

Wa mikoa mingine hututania kwamba Desemba Wachaga tunarudi nyumbani kuhesabiwa. Wanadhani ni utani! Gari likikata kona tu, unasoma namba kabla hujamtazama aliyemo. “Namba E, lakini anapita kwenye shimo kama amebeba mayai. La kuazima hilo.” Tarehe 2 Januari mwenyewe akalifuata.

Habari za mfuko wa nyama niziache. Niseme tu kwamba tangu rambo nyeusi zipigwe marufuku Juni 2019, sisi wa nusu kilo hatuna pa kujifichia.

Najua utakaloniuliza: na wewe ulikuwa umekaa wapi hata ukanihesabia saa zangu zote hizo? Nilikuwa dirishani, shangazi. Natafuta mtandao. Kwangu unashika dirishani tu, tena lile linalotazama kwako.

Sasa shida yenyewe. Jumanne, kati ya saa nne na saa saba, beseni langu la bluu, lile lenye ufa pembeni, limeondoka chini ya kamba ya nguo. Nimeuliza nyumba ya kijani, nimemuuliza bachela, hakuna aliyeona kitu. Nikajisemea sina haja ya kuhangaika, nitakuja kwako nipewe jina, rangi ya shati na njia aliyopita.

Mama ananiambia siku hiyo ulikwenda msibani Machame.

Shangazi, kiti ulimwachia nani?